Baridi ya Ukumbi wa Chakula Melini: Mmeuliza, Tunajibu

Kaskazi inapovuma na jua la Pwani kuwaka, ndipo meli za watalii zinapoanza kufunga gati katika bandari ya Kilindini, Mombasa, na ndipo maswali ya mavazi yanapotufikia. Mara hii mengi yanahusu ukumbi wa chakula.

Wengine wananiambia ukumbini kuna baridi kali, wengine wanasema walitoka jasho. Nishike la nani? (Msomaji, Kisauni)

Shika yote mawili, maana ukumbi ni mmoja lakini hali hubadilika. Kiyoyozi hupangwa kwa ukumbi uliojaa. Mtu aliyeketi hutoa joto la takriban wati 100, kwa hiyo walaji 600 ni kilowati 60, mbali na taa na sahani za moto. Milango ya zamu ya kwanza ya chakula inapofunguliwa, joto hilo bado halijaingia na baridi inakata. Watu wakijaa, inapungua. Anayekula zamu ya pili hukuta ukumbi umeshapata joto.

Halafu kuna meza yenyewe, na hii kwetu ina uzito kuliko nguo. Kabla hujaketi, tazama darini uone matundu ya hewa. Inua kiganja juu ya bega lako; ukihisi upepo unashuka, baridi hiyo itakupiga mlo mzima. Mwone mhudumu mkuu wa ukumbi usiku ule ule wa kwanza umwombe meza nyingine. Kwenye meli zinazogawa meza maalumu, ukinyamaza hiyo ndiyo yako hadi mwisho wa safari.

Kwa mavazi, vaa pamba nyepesi ndani na shali juu. Leso pia inafaa sana: ina upana wa kufunika mabega na mgongo, na ikikunjwa huingia mkobani. Ukinunua mpya Mtaa wa Biashara, ifue mara mbili kabla ya safari, kwa kuwa wanga wa kiwandani huifanya isimame kama karatasi, haikumbatii mwili wala hainyonyi jasho.

Kosa linalotesa wengi ni kutoka juani moja kwa moja hadi mezani. Ukiingia na nguo mbichi kwa jasho, jasho lile linakauka na kuchukua joto la mwili wako. Pitia kabini dakika kumi kabla, jifute, ubadilishe nguo ya ndani. Satini ya polista iache kabisa, kwa sababu hainyonyi jasho, unabaki na unyevu mgongoni.

Navaa buibui na mtandio. Nikitia sweta juu, haipendezi. (Msomaji, Mji wa Kale)

Dada, sweta na iende ndani. Mikono mipana ya buibui ndiyo inayopitisha baridi hadi kwapani, kwa hiyo vaa fulana ya mikono mirefu inayobana kwenye kifundo cha mkono. Chagua nyembamba, maana ukumbi ukipata joto huwezi kuivua hadharani. Mtandio wa shifoni hauzuii chochote. Wa jezi ya pamba hufunika shingo vizuri. Na vaa soksi na viatu vya kufunika. Miguu ikipoa, hata shali mbili hazitakusaidia.

Kanzu inakubalika usiku wa mavazi rasmi? (Mzee, Likoni)

Shikamoo mzee. Kila kampuni ina kanuni zake, kwa hiyo waandikie kabla hujafunga sanduku, ukieleza kwamba ni vazi lako rasmi, na jibu lao ulihifadhi. Ivae na koti juu na fulana ya pamba chini. Chagua koti lenye bitana nyepesi: ukiona joto, ulitundike kwenye kiti. Kaptura na vesti hukataliwa jioni katika kumbi kuu nyingi, hata zikiwa za bei ghali.

Wanangu wanatoka bwawani na kukimbilia bufee, kisha wanatetemeka. (Mama, Bamburi)

Kausha nywele kwanza, kisha vua nguo ya kuogelea yote. Kuvaa fulana juu yake hakusaidii, inalowa papo hapo. Weka fulana kavu na kaptura kavu ya kila mtoto kwenye mfuko mmoja kando ya bwawa.

Na tukila nje kwenye sitaha? (Msomaji, Nyali)

Huko tatizo ni upepo. Meli ikienda noti 18 (noti ni kipimo cha mwendo wa meli), hata hewa ikiwa imetulia unapigwa na upepo wa kama kilomita 33 kwa saa. Sweta ya kufumwa hupitisha upepo. Chukua jaketi jepesi lisilopitisha hewa. Mtandio na leso vibane kwa pini mbili, moja begani na moja kifuani. Ukitoka nje kutoka kwenye baridi ya ukumbini, miwani itafanya ukungu kwa sababu vioo vimepoa na hewa ya nje ina unyevu. Simama mlangoni, kando ya njia, mpaka ukungu uishe, ndipo ushuke ngazi.