Kichwa Kinauma Kambini? Usikimbilie Kulaumu Mlima

"Shikamoo fundi. Nimenunua Coaster kuukuu, natoa viti, naweka vitanda na jiko dogo, nianze kupeleka wageni kambini. Jenereta nataka ikae nyuma, moshi utokee chini ya bodi kama ekzosi ya gari. Inatosha, au niongeze bomba?"

Marahaba, mdogo wangu wa Moshi. Jibu fupi ni kwamba haitoshi. Jibu refu nalitoa hadharani kwa sababu wewe si wa kwanza kuniuliza, na kwa sababu kuna jambo limenikaa kooni muda mrefu na leo nalitema.

Kwanza hongera. Najua ulichofuata. Wote tunaozunguka na spana kati ya mitaa ya Unga Limited na Majengo tunataka kitu kilekile: gari letu, wageni wetu, tuache kusubiri simu ya kampuni ya mtu atupe kazi ya siku tatu na kutulipa baada ya miezi miwili. Gari la kulala ni biashara. Lakini umeandika "kama ekzosi ya gari", na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Gari linapotembea linauacha moshi wake nyuma. Jenereta inafanya kazi gari likiwa limesimama, usiku, hewa imetulia, watu wamefunga vioo kwa sababu ya baridi. Moshi ukitokea chini ya bodi unabaki pale pale, unatafuta tundu. Na Coaster kuukuu, aisee, ina matundu kuliko unavyofikiri: mlango wa nyuma usiokaa sawa, njia za nyaya, shimo ulilotoboa mwenyewe kupitisha maji ya sinki. Ukiwasha feni ya jikoni ya kutoa mvuke, ndiyo umemaliza kazi. Feni inatoa hewa ndani, na hewa mpya lazima iingie kutoka mahali fulani, hivyo inanyonywa kutoka sakafuni, palepale moshi ulipo.

Moshi mweusi unaokukera macho si ndio wa kuogopa zaidi. Wa kuogopa ni kaboni monoksidi, ambayo haina rangi, haina harufu, wala haiwashi koo. Ikifika kwenye damu inaing'ang'ania himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo unapumua vizuri kabisa huku mwili unakosa hewa. Ndiyo gesi ileile ya jiko la mkaa linaloingizwa chumbani Julai kule Marangu na Machame. Wengi wetu tumewahi kwenda msiba wa namna hiyo. Na usidanganywe na wale wanaosema gesi hukaa chini, eti ukilala kitanda cha juu umepona. Hiyo ni gesi ya kupikia, ambayo ni nzito kuliko hewa. Kaboni monoksidi ni nyepesi kidogo tu kuliko hewa, inachanganyika nayo na kujaa gari zima, kitanda cha juu na cha chini.

Sasa niseme langu.

Kuna tajiri mmoja wa utalii hapa Chuga, yaani Arusha, sitamtaja. Aliniletea gari kubwa la kulala, jenereta ya petroli imo kwenye sanduku la nyuma, akaniambia nitengeneze njia ya moshi. Nikapima, nikanunua kwa hela yangu kipande cha bomba linalonyumbulika, nikamchorea mpango: bomba lisimame ubavuni mwa gari, lipande hadi juu ya paa, lipachikwe mkishafika kambini na kubanduliwa kabla ya kuondoka. Sikuota usingizini. Nilijifunza kwa mzee mmoja Mjerumani aliyekwama gereji kwetu na lori lake akitokea Nairobi, na Marekani, ambako magari-nyumba yamejaa, mabomba ya namna hiyo yanauzwa madukani. Tajiri akacheka mbele ya vijana wangu. "Unataka gari langu lifanane na trekta?" Akalipeleka kwa fundi mwingine, ambaye aliutoa moshi ubavuni, chini kidogo ya dirisha, kwa kibomba kifupi kinachong'aa. Kilipendeza kweli. Yule akalipwa siku ileile. Bomba langu nilibaki nalo, na hela ya kupima hadi leo sijaiona.

Yaliyofuata nilisimuliwa na dereva wake. Walilala ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro msimu wa baridi, wageni wakaomba jenereta isizimwe ili wapate joto. Alfajiri wakaamka na vichwa vinavyopasuka, wawili wanatapika, mama mmoja anaongea maneno yasiyoeleweka. Muongoza watalii, kijana mzoefu wa Kilimanjaro, akasema ni mwinuko, yale maradhi ya kupanda mahali pa juu penye hewa chache. Akawapa maji na vidonge vya kichwa. Akatoa kile kidude cha kubana kidoleni wanachopimia oksijeni mlimani, kikasoma vizuri tu, akasema hakuna shida, watazoea.

Soma hapa mara mbili, hasa wewe unayepandisha watu mlimani. Kidude kile cha kawaida hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobebeshwa kaboni monoksidi. Vyote kinavihesabu kuwa oksijeni. Mtu anaweza kuwa anazimika na kidude kinakuonyesha namba ya kufurahisha.

Aliyewaokoa ni mpishi. Yeye alilala kwenye hema lake mbali na gari na aliamka mzima, anaimba. Akashangaa kuona hata dereva, mtu aliyezaliwa Mbulu na kukulia kwenye baridi ya nyanda za juu, ameshika kichwa. Akauliza: "Tangu lini Mwiraqw anaumwa mwinuko?" Wakazima jenereta, wakafungua milango, wakawatoa wote nje. Baada ya muda vichwa vikaanza kupoa. Ukingo ule uko kama mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na maradhi ya mwinuko kwa kawaida huanza kusumbua kuanzia mita 2,500 hivi. Watu wote wa gari moja kuumwa kwa pamoja, na kupata nafuu wakitoka nje, hiyo si kazi ya mlima. Mlima unasingiziwa mengi.

Gari likarudi kwangu. Hakuna pole, hakuna samahani, tajiri alimtuma mtu. Leo lina bomba langu, na nimesikia kwa masikio yangu akiwaambia wenzake Njiro kwamba wazo lilikuwa lake. Sawa. Wageni wake wanalala salama, na mimi nalala na deni langu.

Haya, bomba lenyewe. Jenereta ina kibomba chake cha ekzosi. Usikirefushe kwa kuunga bomba jembamba lenye kona nyingi, maana moshi ukirudi nyuma injini inakabwa na kuchemka. Soma kijitabu cha jenereta yako kabla ya kugusa chochote. Ninachofanya ni kuweka kiwiko cha chuma chenye mdomo mpana kuliko kibomba cha jenereta, nikiache na nafasi pembeni badala ya kukibana. Moshi ukitoka kwa kasi unavuta hewa baridi kupitia nafasi ile, unapoa, na mchanganyiko wote unapanda. Kuhakikisha, washa udi, usogeze kwenye ule uwazi jenereta ikiwa inafanya kazi. Moshi wa udi ukivutwa ndani, kazi imekaa. Ukisukumwa nje, bomba lako ni jembamba au refu mno, anza upya. Halafu bomba lipande hadi lizidi paa. Mimi huzidisha nusu mita, nawe usione aibu. Liwe upande usio na mlango wala turubai la kukalia wageni, mbali na dirisha la paa na feni. Juu weka kofia, maana masika ya huku hayana adabu na maji yakishuka bombani yanaishia kwenye injini.

Jenereta inakaa juu ya mipira na inatikisika, bodi inatikisika kivyake. Ukichomelea bomba likafungwa kotekote bila sehemu ya kunyumbulika, barabara ya vumbi itakupasulia kiungo bila kukuaga. Kila kabla ya safari pitisha tochi kwenye viungo, ukiona alama nyeusi ya masizi ujue hapo panavuja. Na kama bomba ni la galvanaizi, kwangua ile rangi ya zinki kabla ya kuchomelea na ufanye kazi nje kwenye upepo. Moshi wa zinki unaleta homa ya usiku mmoja, na maziwa mnayokunywa vijana wa kuchomelea hayakingi kitu.

Ziba sakafu. Kila tundu, kwa sili, hata la waya mmoja.

Kuna kitu kingine cha huku kwetu ambacho watu wa Dar hawakijui. Arusha mjini tuko mita 1,400 hivi, Ngorongoro juu zaidi. Hewa inapungua, kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ikiwa imepimwa kwa ajili ya usawa wa bahari inaendelea kumwaga petroli ileile, kwa hiyo injini inaungua vibaya. Nguvu inashuka kama asilimia 10 au zaidi kidogo kwa kila mita 1,000 unazopanda. Jenereta uliyoinunua ikakutosha Moshi mjini, kule ukingoni inakosa karibu robo ya nguvu yake, unailazimisha, na kadiri petroli inavyozidi hewa ndivyo kaboni monoksidi inavyoongezeka. Kwa hiyo mahali penye baridi zaidi, ambapo wageni wanataka vioo vifungwe na jenereta iwake usiku kucha, ndipo inapotema sumu zaidi. Dizeli ina nafuu hapo, ila usijidanganye kwamba haina kabisa.

Wenye Land Cruiser zenye hema la juu ya paa, haya ya bomba kupanda juu hayawahusu, tena kwenu ni hatari. Mtakuwa mnawapelekea wageni moshi mpaka kitandani. Ninyi tumieni jenereta ya kubeba, iwekeni mbali na gari, walau mita 6, upande ambao upepo unaondoka kwenu, mdomo wa ekzosi ukitazama pengine. Na tazama imeelekea kwa nani. Kambini magari yanabanana, ekzosi yako inaweza kuwa chini ya dirisha la jirani aliyelala, na yeye hana hata habari kwamba una jenereta. Angalia na nyasi. Bomba la moto na nyasi kavu za Septemba havikai pamoja.

Kengele ya kaboni monoksidi nunua. Si kengele ya moshi, hiyo ni kitu kingine, haiisikii gesi hii. Yangu niliagiza kwa ndugu aliyekuwa anatoka Nairobi. Kwa kiwango cha Marekani kengele hizi hulia ndani ya saa 1 hadi 4 gesi ikifika sehemu 70 kwa kila sehemu milioni za hewa, na ndani ya dakika 4 hadi 15 ikifika 400. Iweke karibu na wanapolala watu, na utazame tarehe ya mwisho iliyoandikwa nyuma, maana kihisio chake huchoka baada ya miaka kadhaa hata kama taa bado inawaka kijani. Halafu, hata ukiwa na kengele na bomba langu zuri, zima jenereta watu wakienda kulala. Chaji betri jioni, usiku tumieni betri na blanketi. Mgeni akilalamika baridi mwongezee blanketi la tatu. Mgeni aliyelipa dola hana kifua tofauti na changu.

Nawaambia na wenye makampuni, kwa kuwa najua mnasoma: mnalipa bila kubisha rangi, viti vya ngozi na friji ya bia, halafu bomba la moshi mnaliombea punguzo. Na mafundi wenzangu, mteja akitaka kibomba cha kung'aa chini ya dirisha, mkatalie. Atakwenda kwa mwingine, ndiyo, na utakula ugali mkavu wiki hiyo. Mimi nimeula.

Likitokea, fanya hivi. Zima jenereta, fungua kila kitu, toa watu wote nje, na hesabu vichwa, kwa sababu aliyelala fofofo ndiye aliyezidiwa. Kama gari lina mtungi wa oksijeni wa mlimani, mpe aliye na hali mbaya zaidi akiwa njiani kwenda hospitali: kwa hewa ya kawaida mwili huchukua kama saa 4 hadi 5 kupunguza nusu ya gesi ile, na kwa oksijeni tupu ni kama saa 1 hadi 1 na nusu. Hata anayejisikia nafuu aende, hasa mjamzito, mtoto na mwenye moyo mbovu. Mkifika, neno la kwanza kwa daktari liwe "jenereta", aombe kipimo cha damu cha kaboni monoksidi. Ukianza kwa kusema mmetokea Ngorongoro, atakuandikia dawa ya mwinuko au kipimo cha malaria, na foleni ya maabara unaijua.