Muulize Bibi Nesi: Vidonge anavyo, chakula cha kumezea ndo hana

Bibi Nesi amefanya kazi zahanati na vituo vya afya vya Mtwara na Lindi mpaka alipostaafu. Safari hii kachagua barua tatu, na ya kwanza imekula nafasi nyingi, mtusamehe.

SWALI: Shikamoo Bibi Nesi. Mimi nesi mwenzio, nipo zahanati moja huku Tandahimba, mwaka wa pili huu. Kinachonichosha sio malaria, ni haya mengine. Leo kaja mama na watoto wanne wote wana upele, mara ya tatu tangu Agosti, nikamwambia fua nguo na mashuka yote kwa maji ya moto akaniangalia tu, badae ndo najua nyumbani kwake maji ni ndoo mbili kwa siku na ni ya kununua. Jana mzee wa sukari, vidonge anameza siku akila tu, asipokula anaacha. Juzi binti mmoja, kila wiki kichwa kinamuuma na kila wiki mumewe kasimama mlangoni. Sasa mimi nifanyeje? Sio ustawi wa jamii, sio TASAF (ule mfuko wa serikali wa kaya maskini), nje watu 40 na tupo wawili. Nikiuliza ya nyumbani naogopa kufungua kitu nisichoweza kukifunga, nisipouliza wanarudi wale wale. (Nesi wa uwandani, Tandahimba)

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuanze na upele maana huo jibu lipo na ni rahisi, wala darasani sikulisikia, nililijua nikiwa na miaka 9 kazini.

Kile kidudu cha upele kinaishi kwenye ngozi ya mtu. Kikitoka nje ya ngozi hakichukui mda, siku mbili tatu kimekufa. Kwa hiyo yule mama hana haja ya kufua kila kitu. Mwambie mashuka na nguo zisizovaliwa azisokomeze kwenye kiroba, afunge kamba, akae nazo wiki nzima bila kufungua (sio mfuko uliotoka na salfa ya mikorosho jamani, nimeshaona, ule atupe). Maji kidogo aliyonayo afulie zile za kuvaa wiki hiyo, aanike juani. Na dawa wapake wote usiku mmoja, hata asiyejikuna, hata bibi anayelala mkeka mmoja na wajukuu, maana mkimpaka mtoto aliyeletwa kliniki peke yake anarudi kuambukizwa na wenzie halafu sisi tunasema mama mchafu. Mama sio mchafu. Uwanda wa Makonde ni mchanga mtupu, maji yapo chini mbali sana, watu wanaishi kwa maji ya mvua waliyokinga na kiangazi yakiisha ni kununua, wewe unamwambia mashuka ya watu watano kwa maji ya moto.

Hapo maji hujampa, hela hujampa. Umebadilisha maelekezo tu yakatoshea kwenye ndoo zake mbili. Kwangu mimi robo tatu ya haya unayoyaita "mengine" yapo hivo, huna haja ya kuumaliza umaskini wa mtu, unatakiwa kuujua ili usimwandikie kitu kisichowezekana.

Mzee wa sukari sasa. Angalia kwanza anameza nini. Kama ni kile kidonge cha glibenklamaidi, kile kinashusha sukari uwe umekula hujala, ukikimeza na njaa unaweza kuanguka, jasho, kutetemeka, mtu anazimia nyumbani na majirani wanasema kalogwa. Mzee wako anayeacha siku asipokula anajilinda kwa akili yake mwenyewe na sisi tunamwandika kwenye faili kwamba ni mkaidi! Ongea na tabibu wako kama anaweza kubadilishiwa, metformini ikiwa peke yake ni nadra kuangusha mtu hivo, ingawa nayo bila chakula tumbo linachafuka na lazima figo ziwe sawa, kwa hiyo asijibadilishie mwenyewe wala wewe usimbadilishie ukiwa na haraka. Halafu muulize kwa kalenda. Usiseme "unakula vizuri?" maana mzee wa kimakonde hawezi kumwambia binti kama wewe kwamba halagi vizuri, atasema namshukuru Mungu. Sema "jana jioni mlipika nini babu?" Hapo anakwambia makopa, anakwambia chai kavu, au ananyamaza na wewe umeshajua. Na ujue Januari mpaka Machi hela ya korosho imekata, mahindi bado yako shambani, sukari za wazee wote zinavurugika miezi hiyo kwa sababu hiyo hiyo moja.

Kuna daktari mmoja wa Marekani, Jack Geiger, miaka ya 1960 alifungua kituo cha afya Mound Bayou kule Mississippi, watu weusi maskini wa mashamba ya pamba, watoto wana utapiamlo. Wakawa wanaandika chakula kwenye karatasi ya dawa, maziwa, mboga, nyama, mgonjwa anaenda dukani anapewa, bili inalipwa kwa hela ya famasi. Wakubwa waliowapa fedha wakaja juu, hela ya dawa mnanunulia chakula? Akawajibu kwamba kwenye vitabu alivyosoma yeye dawa ya utapiamlo ni chakula. Badae wakaanzisha na shamba la ushirika wakalima wenyewe. Na huyu Geiger ujanja huo hakuuokota Marekani, aliupata Afrika Kusini, Pholela, ambako Sidney Kark na mkewe Emily walianza mwaka 1940 kituo kilichokua kinahesabu kaya na kulimisha bustani za mboga pamoja na kutibu. Yani ni jambo la kwetu lilisafiri.

Na hapa kwetu pia, mimi nilikua mtoto wa shule mwaka 1973 ile kampeni ya Mtu ni Afya, tunakaa chini ya mkorosho redio katikati, wazee wanasikiliza, kesho yake wanachimba vyoo. Hakuna aliyesema choo sio kazi ya nesi.

Sawa, zahanati yako haina bajeti ya maziwa, najua. Ndo maana nakwambia uwe na daftari. Mimi Kilwa nilikua nalo dogo la mistari, namba za simu tu: mtendaji wa kijiji, wenyeviti wa vitongoji wote, yule wa kamati ya TASAF, mhudumu wa afya wa jamii, ustawi wa jamii wilayani, dawati la jinsia polisi, shehe, katekista, mwenye bodaboda ambaye anakubali kulipwa mwezi ujao, na mama mmoja wa kikoba ambaye kwakweli alinisaidia kuliko ofisi zote. Ukikutana na jambo unapiga simu moja. Moja tu. Ukipiga tano hutatibu mtu siku hiyo. Na usimuahidi mgonjwa chochote, mwambie "nitamwambia mtendaji, sijui atafanya nini", basi, maana ukiahidi TASAF na jina lake lisitoke umempoteza yeye na ukoo wake.

Fomu ndefu mimi siziamini. Walituletea mara moja, maswali kama 30, nyumba bati au nyasi, una kuku wangapi. Ukianza kuuliza bati au nyasi mtu anajua TASAF wameingia, kuku wote wanahamia kwa jirani! Uliza matatu tu, umefikaje hapa, jana mlipika nini, nani yupo nyumbani. La kwanza nalipenda zaidi. Mtu aliyetembea tangu saa kumi alfajiri humpi tarehe ya kurudi wiki ijayo kuchukua vidonge vya presha, unampa vya kumfikisha mbali kadri stoo inavyoruhusu. Kilwa wavuvi nilikua nawauliza "dago lini?" kwa sababu mvuvi akienda dago, yani kambi ya uvuvi ya mbali, anafuata samaki na bamvua, hafuati kadi yako ya kliniki, mgonjwa wa CTC (kliniki ya dawa za VVU) akiniambia anaondoka wiki kesho nampa dawa za miezi 3 au barua ya kuchukulia huko aendako. Kabla sijajifunza hilo nilikua nawaandika watoro. Nimeandika watoro wengi sana mwanangu, na walikua baharini tu wanatafuta riziki.

Binti wa kichwa nimemuacha mwisho kwa sababu hapo ndo uende polepole. Usimuulize mume akiwepo, hata kwa utani. Mtengenezee sababu, "dada njoo upime mkojo", "njoo kwenye mizani, wanaume wanabaki nje", kisha uliza kwa sauti ya kawaida, nyumbani kupo salama? kuna mtu anakupiga? Akikataa, kubali, wiki ijayo atakuja tena na atakumbuka uliuliza. Akikubali usimwambie aondoke kwake, wewe hujui atalala wapi, muulize leo akirudi kuna hatari? Watoto wapo wapi? Halafu mwambie dawati la jinsia lipo na ustawi wa jamii wapo, na akitaka simu utampigia wewe. Kama ni mtoto anaumizwa hilo halisubiri ridhaa ya mtu, 116 ni bure. Na jambo moja ambalo wengi mnasahau, usiandike kwenye kadi anayorudi nayo nyumbani. Mume anasoma! Andika kwenye rejista yako ya ndani.

Kuhusu kufungua usichoweza kukifunga, kimeshafunguka tangu zamani, kipo nyumbani kwao kinawala. Wewe unachoogopa ni kukijua.

SWALI: Shikamoo bibi. Baba yangu ana presha, nilimpeleka kituo cha afya hapa Lindi mjini. Kijana mmoja pale dirishani akamuuliza mbele ya foleni nzima anaishi na nani, anakula mara ngapi, nani anamtumia hela. Baba kakasirika, anasema katangaziwa umaskini na kliniki haendi tena. Ivi ni haki yao kuuliza hayo? (Mtoto wa kike, Lindi)

JIBU: Marahaba. Haki ya kuuliza wanayo, ya kuuliza dirishani hawana. Hapo baba yako yuko sahihi kukasirika na mimi ningekasirika. Maswali yale yanatakiwa ndani, mlango umefungwa, na mtu anaambiwa kwanza kwa nini anaulizwa, na akisema hilo sijibu anatibiwa vile vile.

Ila nikwambie kwa nini wanauliza. Chukua chumvi. Baba yako ataambiwa apunguze chumvi na atajibu kwa kweli kabisa kwamba haongezi chumvi mezani. Lakini kama hela imekata na mboga ya wiki nzima ni ng'onda au papa, chumvi imo ndani ya samaki, presha haishuki, wanamuongezea vidonge, na hakuna aliyeuliza anakula nini. Ukijua unafanya kitu, unamloweka yule ng'onda usiku, unamwaga maji, unaloweka tena, unamchemsha na kumwaga maji ya kwanza, utamu unapungua kidogo atanung'unika lakini atakula. Kama tui lipo weka.

Kumrudisha, usimbembeleze kwa maneno ya kliniki. Nenda wewe kwanza bila yeye, omba kuonana na mkuu wa kituo, mwambie kwa adabu lililotokea na omba baba aonwe ndani na mtu mzima mwenzie. Wakikubali mwambie baba kwamba wanamuomba radhi na wanamsubiri siku fulani. Wazee wa pwani wakiombwa radhi wanaenda. Na dawa asiache kipindi hiki cha hasira, mchukulie wewe kama wanaruhusu.

SWALI: Mimi nina miaka 67, nipo Nachingwea. Nasikia wazee bure lakini kila nikienda naambiwa lipa kwanza. Tunadanganywa? (Mzee wa Nachingwea)

JIBU: Shikamoo mzee wangu, maana umenizidi. Hudanganywi ila neno moja huwa halisemwi kwa sauti. Msamaha ni kwa mzee wa miaka 60 na kuendelea *asiyejiweza*, kwa hiyo umri peke yake hautoshi, unatakiwa utambuliwe. Anza kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha mtendaji wa kijiji akuandikie barua, ipeleke ustawi wa jamii halmashauri, uulizie kitambulisho cha matibabu cha wazee. Beba NIDA au kadi ya kupigia kura, umri uonekane. Siku ukiumwa kabla hakijatoka, usilipe na usigombane na mtu wa dirishani, sema unataka kumuona ustawi wa jamii kabla ya kulipa, hospitali kubwa huwa wapo.

Na kama wanao wanalima korosho, waambie hela ya mnada ikiingia Novemba au Desemba wakukatie bima kabla haijaenda kwenye bati na pikipiki. Ikifika Februari usiwaombe, hawana. Barua ya mtendaji ikikwama niandikie, na safari hii uweke jina la kijiji.