Goti la bandia likiondolewa sokoni, anza na stika

Kwa uliyeuliza kama mama afunguliwe goti tena kwa kuwa aina aliyowekewa imeondolewa sokoni: pole, lakini msikimbilie kisu. Tangazo hilo halimaanishi kila goti lililokwisha kuwekwa limeharibika.

Ombeni nakala ya ripoti ya upasuaji. Humo hubandikwa stika za kila kipande, zenye namba ya modeli na ya bechi (kundi la vipande vilivyotengenezwa pamoja). Bila hizo mnabahatisha tu. Jina la kampuni halitoshi. Vipande vya plastiki vya magoti ya kampuni ya Exactech, kwa mfano, viliondolewa kwa sababu mifuko vilimofungashwa ilipitisha oksijeni, na plastiki ikawa inaweza kulika mapema. Hapo muulizeni daktari kuhusu eksirei, hata kama mama haumwi.

Ikibidi afunguliwe, ombeni mapema, kwa maandishi, kiungo cha zamani kitunzwe. Ni ushahidi huo! Na msisaini karatasi ya fidia kabla wakili hajaisoma, ila msichelewe, muda wa kudai una kikomo.