Jikoni na mfukoni: Unga umenunuliwa, deni la dukani limetoka wapi?

Barua tatu za safari hii, mbili kutoka jijini Dodoma na moja kutoka Manyoni, zinahusu jambo lile lile: fedha ya chakula na namna ya kununua. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu mwandishi wake aliambatanisha hesabu zake zote, na ni nadra kumpata msomaji mwenye ujasiri wa namna hiyo.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Nkuhungu na mume wangu, watoto wetu watatu na mdogo wangu anayesoma chuo. Tumejiwekea shilingi 350,000 za chakula kwa mwezi. Mshahara ukiingia, kesho yake nakwenda Soko la Majengo na kununua mchele kilo 20 kwa 2,800, sembe kilo 25 kwa 1,600, sukari kilo 6 kwa 3,000, maharage kilo 8 kwa 3,000 na mafuta ya alizeti lita 5 kwa 30,000. Nikiongeza chumvi, majani ya chai, viungo na sabuni, 200,000 inakuwa imekwisha. Inayobaki, yaani 150,000, ni ya mboga, nyama na maziwa, nayo huishia siku ya kumi na nne. Kuanzia hapo nachukua vitu dukani kwa Mangi kwa daftari mpaka mwisho wa mwezi, na deni hufika 80,000, ambalo nalilipa kwa fedha ya ada ya watoto au mchango wangu wa kikoba. Kinachonishangaza ni kwamba katika daftari hilo kuna sukari na mafuta ya kupima, vitu ambavyo nilikwisha kuvinunua vya mwezi mzima. Nanunua kwa jumla kama tunavyoshauriwa. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza tuiweke sawa namba yenyewe. Matumizi ya chakula nyumbani kwako si 350,000, ni 430,000, kwa kuwa deni la dukani nalo ni chakula ingawa unalilipa kwa fedha yenye jina jingine. Ukiendelea kuandika 350,000 kwenye daftari lako huku ada ikiziba pengo, utajilaumu kila mwezi kwa kuvunja bajeti ambayo kwa kweli haijawahi kuwepo.

Sasa tazama ulichoniandikia wewe mwenyewe. Katika siku 14 za kwanza unatumia 150,000 kwa mboga, ambayo ni zaidi kidogo ya 10,700 kwa siku. Katika siku 16 zinazofuata unatumia 80,000, ambayo ni 5,000 kwa siku. Na ile 150,000 ukiigawa kwa siku 30 unapata 5,000 hiyo hiyo. Kwa hiyo familia yako inajua kuishi kwa 5,000 kwa siku, tena inafanya hivyo kila mwezi, ila inaifanya katika nusu ya pili, kwa mkopo, na kwa bei ya kupima. Nusu ya kwanza ndiyo inayokula fedha ya nusu ya pili.

Kuhusu sukari na mafuta, kununua kwa jumla hakujakosewa, bali kilichonunuliwa kwa jumla kinatumiwa kwa jumla. Dumu la lita tano likiwa limejaa, mkono wa mpishi huwa mwepesi. Anamimina kwenye sufuria bila kijiko, na vitunguu vinaogelea. Dumu likifika robo, mpishi huyo huyo anaanza kuhesabu matone. Siku utakayorudi na mafuta kutoka sokoni, yagawe palepale katika chupa tano za lita moja, nne ziwe za wiki nne na ya tano iwe ya siku za mwisho na ya wageni. Sukari nayo itie katika makopo manne ya kilo moja na robo, ibaki kilo moja ya akiba. Jikoni pawepo chupa moja na kopo moja tu, na vingine vikae chumbani mwako. Wapo watakaosema huo ni uchoyo. Waache waseme.

Nimeitaja akiba ya siku za mwisho kwa makusudi. Watu wengi hugawa fedha kwa wiki nne wakasahau kwamba mwezi si wiki nne. Zinabaki siku mbili au tatu, na mara nyingi ndizo zinazofungua ukurasa mpya kwa Mangi. Kwa hiyo fedha ya mboga iwekee bahasha nne kubwa na moja ndogo. Itoe yote kwa mkupuo mmoja, kwa kuwa ukiitoa kidogo kidogo kwenye simu, makato ya kila muamala yatakula fungu la mchicha. Lakini usikurupuke kushuka hadi 5,000 kwa siku ndani ya mwezi mmoja, maana watoto watakuasi na mumeo atawaunga mkono. Mwezi wa kwanza tia 45,000 katika kila bahasha kubwa na 10,000 katika ile ndogo. Mwezi wa pili 40,000. Wa tatu 35,000. Hapo utakuwa umefika 150,000 uliyoikusudia. Wiki ikiisha na bahasha imebakiza kitu, kibakie humo humo kisubiri siku za mwisho.

Elfu tano si lazima iwe elfu tano kila siku. Siku ya maharage, ambayo tayari yamo ndani, utahitaji nyanya, kitunguu na mboga ya majani tu, na kinachobaki kinasogea hadi Jumapili ya nyama. Ongeza na siku za mlenda, na hapa nasema kama mtu aliyekulia Ugogo: mlenda haudai mafuta, na ukitiwa karanga za kusaga ni mboga kamili mbele ya ugali. Nimeona nyumba za watumishi waliohamia hapa tangu Serikali ilipotangaza kuja Dodoma mwaka 2016 zikinunua mchicha wa bei ya kiangazi mwezi Oktoba, ilhali mlenda mkavu uko sokoni.

Hilo linanileta kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko bahasha zote. Kanda hii ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Mboga za majani, yaani mlenda, majani ya kunde na ya maboga, hujaa na kushuka bei mvua inaponyesha, wakati ambapo mahindi ya mwaka uliopita yanaelekea kwisha na bei yake iko juu. Mavuno yakiingia, kuanzia Mei hadi Julai, mahindi hushuka, na baada ya hapo majani hukauka na kupanda bei. Nafaka na mboga zinapishana mlangoni. Bajeti ya mwezi inayofanana Januari hadi Desemba haijui kwamba inaishi Dodoma.

Sembe yako ya 40,000 kwa mwezi ni 480,000 kwa mwaka. Ukikubali kula dona, ambayo haipotezi pumba mashineni na ina virutubisho zaidi, kilo 25 kwa mwezi ni kilo 300 kwa mwaka, yaani magunia matatu ya kilo mia. Kama wakati wa mavuno utayapata kwa 80,000 kila moja, hiyo ni 240,000. Weka kusaga kwa 100 kwa kilo, 30,000, na mifuko ya kuhifadhia, tuseme 15,000. Jumla ni 285,000. Bei za siku utakayokwenda zitakuwa zake, lakini hesabu ifanye hivyo hivyo na uilinganishe na 480,000.

Najua utasema huna 240,000 mwezi Juni. Anza na gunia moja, ambalo ni unga wa miezi minne. Julai na Agosti hutanunua sembe, na 40,000 za miezi hiyo miwili ni gunia la pili kabla bei haijapanda sana. La tatu utalifikia Oktoba kwa njia hiyo hiyo, ingawa kwa bei ya juu kidogo. Wengine hutumia mgawo wa kikoba kwa kazi hii, na naona ni matumizi bora kuliko kitenge cha sare.

Unaponunua, nunua kwa mzani. Debe hutofautiana na debe, na gunia lililojazwa kupita kipimo na kushonewa kilemba juu, ile lumbesa, limekatazwa na sheria ya vipimo, kwa hiyo usibishane juu ya ukubwa wake, dai kilo. Mkiwa majirani wanne au watano mnaweza kwenda hadi soko la mahindi la Kibaigwa, wilayani Kongwa, mkachangia gari. Kwa gunia moja la mtu mmoja, nauli na ushuru vitameza faida yote, na ni heri ununue hapa hapa mjini.

Kisha hakikisha yamekauka. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia konzi ya mahindi na kijiko cha chumvi kavu, tikisa kwa dakika moja na uiache itulie. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, mahindi bado yana maji na hayafai kufungiwa. Usilichukulie jambo hili kama utani, kwa kuwa mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na ukungu unaoitoa hupenda nafaka iliyowekwa na unyevu. Mahindi yaliyokauka yatie katika mifuko ya kinga njaa, ile yenye mifuko miwili ya plastiki ndani ya kiroba. Kila mfuko ufungwe peke yake baada ya kukamua hewa, kwa kuwa dumuzi hufa kwa kukosa hewa na si kwa dawa. Uweke juu ya mbao, usigusane na sakafu wala ukuta, na ukiufungua toa mahindi ya mwezi mzima kwa mara moja badala ya kuufungua kila wiki.

SWALI: Mimi ni fundi ujenzi, naishi Chang'ombe hapa Dodoma. Kila asubuhi naacha 10,000 mezani kwa matumizi ya watu watano. Jioni naambiwa haikutosha. Elfu kumi mara thelathini ni 300,000, fedha ambayo wenzangu wanalisha nayo familia kubwa kuliko yangu. Naanza kuamini kwamba mke wangu anaweka pembeni. Nifanyeje?

JIBU: Kaka, kabla ya kumhukumu mkeo, siku moja ichukue hiyo 10,000 uende nayo gengeni wewe mwenyewe. Mimi nilijaribu juzi mtaani kwangu: unga kilo moja na nusu 2,700, mkaa 2,000, mafuta ya kupima 1,000, nyanya na vitunguu 1,500, mboga ya majani 1,000, dagaa 1,000, sukari robo 800, majani ya chai 200. Jumla ni 10,200, na sabuni sijaigusa.

Wenzako wenye 300,000 huenda wanaipata ikiwa 300,000. Mkeo hajawahi kuiona. Anaona elfu kumi thelathini, na elfu kumi hainunui gunia la mkaa wala dumu la mafuta. Inanunua kopo na kikombe, ambavyo kwa kilo na kwa lita ni ghali kuliko vyote sokoni. Fedha ya kila siku hununua kwa bei ya kila siku.

Kama unalipwa Jumamosi, mpe Jumamosi fedha ya unga, mafuta, sukari na mkaa wa wiki, kisha uache mezani kiasi kidogo cha mboga tu. Kama unalipwa kazi inapokwisha, basi kila unapopokea malipo ya awali, kitu cha kwanza kiwe debe la mahindi na gunia la mkaa, kabla hujapita popote pengine, nawe unajua ninapozungumzia. Ukikosa kazi siku tatu, nyumba itakuwa na ugali na moto, na mtatafuta mboga peke yake. Na akibakiza mia tano, kaka, mwache aiweke pembeni. Ndiyo itakayonunua panadoli usiku.

SWALI: Hapa Manyoni tunakamuliwa alizeti mashineni, na dumu la lita 20 ni nafuu sana kuliko chupa za dukani. Tuko wawili tu nyumbani. Je, ninunue?

JIBU: Nunueni nyumba mbili au tatu mgawane siku hiyo hiyo. Mafuta ya mashine ndogo hayajasafishwa kama ya kiwandani, na yakikaa muda mrefu kwenye mwanga na joto huchacha, kwa hiyo lita 20 kwa watu wawili ni nyingi mno. Yaache yatulie siku mbili tatu, yamimine taratibu kwenye vyombo vikavu vyenye vifuniko na uviweke gizani. Machicha yanayobaki chini ya dumu usiyatie kwenye sufuria kwa kuyahurumia; huungua mapema na kuitia mboga uchungu.