Amewekewa stenti na hasikii maumivu tena, aache klopidogreli?

Mkuu uliyeuliza kama mama anaweza kuacha klopidogreli (kidonge cha kuzuia damu isigande) kwa sababu katimiza miezi miwili tangu awekewe stenti (kijibomba cha wavu wa chuma kinachoshikilia mshipa wa moyo ubaki wazi) na "haumwi tena": asiache. Nami nina stenti yangu tangu 2019, kwa hiyo hili nimeliishi.

Hapo kuna mambo mawili yanachanganywa. La kwanza ni mshipa kubana upya. Puto dogo linaloingizwa ndani ya mshipa likishaupanua, ukuta wa ndani unachubuka, na mwili unaponya pale kwa kuotesha kovu. Kovu likizidi, njia inabana tena, mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza. Enzi za puto tupu, alizozianzisha Andreas Grüntzig kule Zürich mwaka 1977, theluthi ya mishipa au zaidi ilibana tena. Stenti za chuma tupu zilipunguza tu. Vidonge vilijaribiwa vingi, na vingi havikufua dafu. Kilichosaidia ni kuipaka stenti yenyewe dawa, mfano sirolimasi, iliyopatikana kwa bakteria wa udongo wa kisiwa cha Rapa Nui. Inatoka kidogokidogo na kuzuia seli za ukuta zisizaliane ovyo. Marekani iliruhusu stenti hizo 2003, na kubana upya kukashuka, mara nyingi chini ya asilimia 10. Siku hizi ndizo zinazowekwa kwa kawaida, kwa hiyo dawa ya kovu huenda mama anayo tayari kifuani.

La pili ni damu kuganda juu ya stenti, na kazi ya vidonge vyake ni kuzuia hilo. Chuma kile ni kigeni mpaka kifunikwe na utando wa mshipa, na dawa ileile inayozuia kovu inachelewesha utando huo. Kubana kunakuja polepole, unaanza kuhisi kifua kizito ukipanda ngazi. Damu ikiganda ni ghafla, na inaweza kuua siku hiyohiyo. Kwa kawaida aspirini na klopidogreli huenda pamoja miezi 6, au 12 kama alipata shambulio la moyo, kisha mara nyingi aspirini inabaki. Daktari wake wa moyo anaweza kufupisha kwa mtu anayevuja damu kirahisi. Yeye, si sisi humu.

Usumbufu upo. Mikono yangu ilijaa mabaka ya zambarau, na wembe ukinigusa kidevuni shati linaharibika. Kliniki moja ya meno iliniambia niache vidonge vyote wiki nzima ndipo ning'olewe jino. Nikawapigia watu wa moyo, wakakataa kabisa. Nikang'olewa kwingine huku naendelea navyo: nyuzi mbili, pamba nikaing'ata mpaka taya likauma, basi.

Akipata kiungulia, dukani watampa omeprazoli bila kuuliza. Hiyo inapunguza nguvu ya klopidogreli. Amwombe daktari pantoprazoli, dawa nyingine ya kiungulia. Atorvastatini, dawa ya kolesteroli, nayo asiiruke, maana ndiyo inayolinda mishipa ile ambayo haijaguswa. Sukari na sigara zinarudisha tatizo haraka. Wale wanaokufuata PM (ujumbe wa faragha) wakiuza unga wa "kusafisha mishipa", wapuuze.

Kama shida ni bei, mkuu, aseme kliniki kabla kopo halijaisha. Klopidogreli isiyo na jina la kampuni kubwa ni nafuu zaidi na kazi ni ileile.