Jina Berlin halitokani na dubu
Je, jina Berlin linatokana na dubu? Hapana, dubu alikuja baadaye. Wanaisimu wengi wanalirudisha jina Berlin kwenye mzizi wa Kislavi (jamii ya lugha kama Kipolandi na Kirusi), berl-, yaani kinamasi. Waslavi walikuwa wakikaa sehemu hizo kabla Wajerumani hawajaanza kuhamia mashariki kwa wingi, karne ya 12. Wahamiaji walichukua majina waliyoyakuta. Dubu yumo kwenye muhuri wa mji wa 1280, lakini huo ni mchezo wa sauti tu, kwa kuwa Kijerumani humwita Bär.

Tazama ramani ya Ujerumani: majina yenye -ow au -itz, kama Pankow na Chemnitz, mengi yana asili hiyohiyo (na hiyo w ya Pankow haitamkwi, usije ukachekwa). Hata neno la Kijerumani la mpaka, Grenze, ni la Kislavi. Linganisha na granica la Kipolandi. Gurke, tango, nalo limetoka hukohuko.

Ila usiseme Waslavi wote walimezwa. Wasorbi, Waslavi wa Ujerumani, bado wapo Lausitz, mashariki mwa nchi, na lugha yao, na ukifika mji wa Bautzen huko utaona kibao kimeandikwa pia Budyšin.