Kupanda matumbawe: kazi ya maana au picha za wafadhili?

Ndugu, umeuliza kama vikundi vya Pwani vinavyopanda matumbawe vinafanya la maana, ilhali bahari yenyewe inazidi kupata joto, kwa sababu unataka kuvichangia. Mimi ni wa Kisumu, ila nilifanya kazi na kikundi cha wavuvi kusini mwa Mombasa kabla ya kurudi huku ziwani.

Kupanda si uchawi. Unaokota vipande vilivyovunjwa na nanga au mawimbi, unavifunga kwenye fremu ya chuma au kisahani cha saruji, halafu unapiga mbizi kila mara kuvisugua mwani kwa brashi ya meno. Kusugua ndiko kunakovunja watu moyo. Pale samaki kama pono na tafi walipojaa, wao ndio wanaoula huo mwani, na brashi unaipumzisha. Juya, ule wavu wa kukokota, likishapita, umebaki peke yako. Samaki aitwaye kikande naye hula wale wadudu wa baharini wenye miiba mirefu myeusi; akivuliwa akaisha, wanazaana na kuukwangua mwamba.

Ndiyo maana mimi natanguliza tengefu, yaani eneo la bahari lililofungwa lisivuliwe. Kuruwitu kule Kilifi, katikati ya miaka ya 2000, wavuvi wenyewe walifunga kipande cha hekta 30 hivi, na samaki wakarudi. BMU za huku ziwani, yaani vikundi vya wavuvi vinavyosimamia fuo, zitaelewa upesi, maana omena nayo hufungwa Aprili hadi Julai, na malalamiko ni yale yale: watoto watakula nini? Ni swali la haki. Mradi usiolijibu, nyavu zitaingia usiku.

Sasa joto. Tumbawe hulishwa na mwani mdogo mno unaoishi ndani ya nyama yake. Maji yakipita kiwango cha juu cha msimu wa joto kwa nyuzi 1 hivi, wiki kadhaa mfululizo, linautoa mwani huo na kubaki jeupe pe. Hapo bado liko hai: ukisogea karibu unaiona nyama, angavu, juu ya mfupa. Kusi, upepo wa kusini, ikiwahi kuingia na maji yakapoa, rangi hurudi. Ikichelewa, linaota utando wa kahawia, basi, limekufa. Mwaka 1998 Pwani ilipoteza matumbawe mengi namna hiyo, na Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kupauka huko kwa matumbawe duniani kote kwa mara ya nne.

Kupanda hakuzuii hilo. Tena miradi mingi hupenda matumbawe ya matawi, Akropora, kwa kuwa yanakua haraka na ripoti inapendeza. Hayo ndiyo hufa mwanzo. Poritesi, yale ya mviringo, hukua sentimita 1 hivi kwa mwaka lakini huvumilia zaidi.

Kabla hujatuma pesa, waulize: vipande vilitoka kwenye matumbawe yaliyosalimika joto la 2024? Eneo limefungwa? Usiku analinda nani? Wakibabaika, tafuta kikundi chenye tengefu uwanunulie mafuta ya boti ya doria.